Filamu za kashfa za ngono za vigogo: mwanaume anapewa wasifu, mwanamke anapewa bei

#1 Yaya_Katuba (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu, salamu kutoka Lubumbashi, Kongo. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, wenye subira tukae.

Novemba 2024 nilipeleka simu ya mama kwa kijana mmoja wa hapa Katuba anayeuza nyimbo na filamu. Kazi hiyo mnaifahamu: meza ya mbao, laputopu iliyopasuka kona, betri ya gari chini ya meza kwa siku ambazo umeme haupo (ndizo nyingi), na nyaya zimesokotana kama utumbo wa mbuzi. Unalipa, anakutilia kwenye kadi. Mama alitaka kwaya. Kijana akafungua laputopu, nikaona folda zimepangwa vizuri kuliko kabati langu: Kwaya, Rumba, Karate, Mpira, na ya mwisho kabisa BALTA.

Sikuuliza Balta ni nani, wiki ile hakuna aliyeuliza. Baltasar Ebang Engonga, mkuu wa taasisi ya kuchunguza uhalifu wa fedha kule Guinea ya Ikweta. Alikamatwa kwa tuhuma za ubadhirifu, vifaa vyake vikachukuliwa, na baada ya muda mfupi video zake na wanawake mbalimbali, nyingine zimerekodiwa ofisini kwake, zikamwagika Afrika nzima. Nani alizimwaga wakati vifaa viko mikononi mwa vyombo vya usalama? Hilo tulilipita mbio, tulikuwa tunacheka.

"Yaya, hii ndiyo inatoka," kijana akaniambia, kwa sauti ya muuza dagaa wa kapenta anayekuonyesha furushi lililoingia asubuhi. "Ukichukua zote nakupunguzia."

Sasa kabla sijajifanya mtakatifu: siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimeshazitazama mbili kwenye grupu la WhatsApp, na moja nikamrushia shoga yangu na vile vikatuni vya kicheko. Leo ukiniuliza jina la yule mama wa kwenye video, silijui. La mwanaume nalijua mpaka la ukoo. Agosti 2025 alipohukumiwa miaka 8 nilijua siku hiyo hiyo, na nilijua pia kwamba amefungwa kwa ajili ya pesa, si kwa ajili ya video. Wale wanawake waliishia wapi? Sikuona habari yao popote, na kusema kweli sikuitafuta.

Hiyo ndiyo iliyonikaa rohoni. Tuna kikundi chetu kidogo hapa mtaani: mara moja kwa mwezi tunatundika shuka kwenye ukuta wa lupango la mama mkubwa (lupango ni kiwanja chenye nyumba, kwa ninyi wa mbali), tunaazima projekta, tunatazama dokumentari, halafu tunabishana mpaka jirani agonge bati. Nikapendekeza miezi kadhaa tuangalie dokumentari za kashfa za ngono za wanasiasa. Wanaume walikubali haraka mno, kwa sababu ninazozijua.

Ya kwanza ilikuwa Client 9 ya Alex Gibney, ya mwaka 2010. Inamhusu Eliot Spitzer, gavana wa New York aliyejiuzulu Machi 2008 baada ya kugundulika ni mteja wa wakala wa makahaba wa bei ghali. Huyu kabla ya ugavana alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo, aliyewapeleka puta mabwana wa Wall Street. Filamu imetengenezwa kwa ufundi, siwezi kuidharau. Spitzer mwenyewe anahojiwa kwa kirefu. Maadui zake matajiri nao wanahojiwa, na wengine hawafichi furaha. Ni mchezo wa dama wa wanaume wenye suti, na swali lake ni: nani alimwangusha bwana huyu?

Wanawake ndio kete.

Wakala wenyewe ulikuwa na tovuti, na kila mwanamke aliwekewa alama za almasi, mpaka almasi saba. Kadiri almasi zinavyoongezeka, ndivyo saa moja inavyopanda bei. Hati za mashtaka zilitaja kati ya dola 1,000 na dola 5,500 kwa saa. Tulipofika hapo, papa mmoja wa kikundi, aliyewahi kuwa négociant (mchuuzi) wa madini Kolwezi, akasema kwa nguvu kutoka nyuma: "Ile ni teneur!" (yaani kiwango cha madini ndani ya jiwe). Lupango zima likaangua kicheko. Halafu likanyamaza, kwa sababu kila mtu hapa ana ndugu aliyewahi kusimama mbele ya mizani akingoja mtu mwingine amwambie mzigo wake una asilimia ngapi.

Mwanamke mwenye maneno mengi zaidi kwenye filamu ile hakutaka kuonekana wala sauti yake isikike, basi mwigizaji akakaa kwenye kiti akasema maneno yake. Nimelifikiria sana hilo. Ni kumlinda, naelewa, mimi pia ningeomba hivyo. Lakini angalia kilichobaki kwenye kioo: mwanaume anajieleza kwa mdomo wake, na mwanamke anasema kwa mdomo wa kuazima.

Ya pili, Room 2806, sehemu nne, ya 2020. Dominique Strauss-Kahn, wakati ule bosi wa FMI (Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF). Wa umri wangu mnakumbuka, mwaka 2010 nchi yetu ilipofikia hatua ya kufutiwa madeni, FMI ilikuwa midomoni mwa kila mwalimu na kila dereva wa taksi. Mei 2011 bosi huyo akatolewa ndani ya ndege New York, mhudumu wa hoteli kutoka Guinea akimtuhumu kumshambulia kingono chumbani. Agosti kesi ya jinai ikafutwa, waendesha mashtaka wakisema hawawezi tena kuutegemea ushahidi wa yule mama. Desemba 2012 kesi ya madai ikaisha kwa makubaliano ya pesa. Hapa mambo yamegeuka: bwana mkubwa hakutaka kuhojiwa, mama yule akakubali. Anakaa, anaeleza, anakasirika, anafuta machozi, anaendelea. Ni mara ya kwanza kwenye lupango letu mtu kusema "nyamazeni tusikie".

Ila kilichotugawa ni kesi yake nyingine, ya Lille, Ufaransa. Mahakama ilimwachia huru mwaka 2015, hilo liandikwe wazi, hakukutwa na hatia ya ukuwadi. Lakini kesi ile ilianika jumbe za simu alizoandikiana na rafiki zake kabla ya karamu, na ndani yake wanawake wanaitwa "matériel". Kifaransa kwetu hapa si lugha ya kwenye kamusi, ni lugha ya dukani. Matériel ni mabati, misumari, saruji. Mama mmoja wa kikundi anauza hivyo hivyo vitu huko Kenya (kata yetu ya Kenya, si nchi). Alikaa kimya mpaka mwisho, halafu akasema: "Mimi nauza matériel. Likiwa na kasoro, mteja analirudisha kesho yake."

Ya tatu ni ya Kiitaliano, Il corpo delle donne, maana yake Mwili wa Wanawake, ya Lorella Zanardo na wenzake, mwaka 2009, dakika 25 tu. Hakuna mwanasiasa anayehojiwa. Hakuna kashfa hata. Ni vipande vya televisheni ya Italia vimeunganishwa na sauti ya mwanamke inauliza tunaangalia nini. Kuna kipande msichana ananing'inizwa katikati ya mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa, na mtu anamgonga muhuri kama nyama iliyopimwa. Mimi nanunua nyama kila Jumamosi. Ule muhuri wa zambarau kwenye paja la ng'ombe naujua. Nilishika mkono wa mtu aliyekuwa karibu bila kujua ni nani.

Na wakati filamu hiyo inatoka, mwenye vituo vikubwa vya televisheni binafsi Italia ndiye huyo huyo waziri mkuu, Silvio Berlusconi. Kashfa zake za karamu zilikuwa zinaanza kusikika. Ninavyoona, dakika 25 zile zinaeleza kashfa kuliko saa mbili za kumfuata kigogo na kamera, maana zinakuonyesha soko kabla mteja maarufu hajaingia.

Basi nimebaki na hili: dokumentari nyingi za kashfa huuliza "kwa nini alianguka?" Chache huuliza "nani alikuwa anauza, na pesa ilikwenda wapi?" Ukiuliza swali la kwanza, mwanamke lazima awe ganda la ndizi. Mnisaidie kubishana, na mnisaidie kuchagua filamu ya nne. Karibuni.

#2 Mzee_wa_Tunduma

Mkuu, umeandika vizuri, ila unawaonea watengeneza filamu. Filamu ya gavana ni ya gavana. Nikienda kutazama filamu ya ajali ya treni sitegemei reli ihojiwe. Pili, wale wa almasi ni watu wazima, wamekubali, wamelipwa, na wengine baadaye wakapata umaarufu. Bidhaa gani inayopokea hela yake yenyewe?

#3 Kabine_ya_Mama

Yaya, mi niko na kabine ya simu hapa Kenya, na minaonaka bintu. Batu banasemaka "alikubali, alikubali". Sawa, lakini alikubali nini? Yule bibi wa Balta alikubali kulala na ule mutu. Hakukubali batu ba Katuba bamutie mu kadi. Bile ni bintu bibili, aiko kimoja. Mi nikikubali kukubebea muzigo wako mpaka Kasumbalesa, aiko sema nilikubali uniuzishe pale pamoja na muzigo.

#4 Yaya_Katuba

Maman Kabine, umemaliza. Nilitaka kumjibu Mzee wa Tunduma kwa aya nne, wewe umetumia mzigo mmoja.

Mzee, kuhusu "wengine wakapata umaarufu", ngoja nikupe ya zamani. Uingereza, 1963. John Profumo, waziri wa vita, Machi analiambia Bunge hakukuwa na lolote lisilofaa kati yake na Christine Keeler. Juni anakiri alidanganya, anajiuzulu. Keeler alikuwa na miaka 19 walipokutana, na kilichowatisha wakubwa si usalama wake bali kwamba alijuana pia na afisa wa kijeshi wa ubalozi wa Urusi ya Kisovyeti. Sawa, siasa.

Sasa ile picha. Hata kama hujui habari hii umeiona, au umeona watu wakiiigiza: msichana amekaa kinyume kwenye kiti, mgongo wa kiti mbele yake, mikono imekunjwa juu. Alikuwa amesaini mkataba wa filamu, na waandaaji wakadai mkataba unataka apigwe akiwa uchi. Hakutaka. Mpiga picha, Lewis Morley, ndiye aliyekigeuza kiti ili mkataba utimizwe na binti asionekane. Kwa hiyo ile picha tunayoiita ya mvuto ni picha ya mtu aliyejificha nyuma ya mbao.

Kiti chenyewe leo kiko kwenye Makumbusho ya Victoria and Albert, London. Nakuomba usome tena: kiti.

Mwishoni mwa 1963 Keeler akafungwa kwa ushahidi wa uongo katika kesi nyingine. Profumo naye akaenda kufanya kazi za hisani mashariki mwa London, na mwaka 1975 akatunukiwa nishani ya CBE. Simlaumu kwa kutubu. Nauliza tu, Keeler yeye mlango wa kutubia aliuona wapi? Alifariki 2017, na kila tanzia iliweka picha ya kiti.

Na hoja yako ya reli, mzee: reli haihojiwi kwa sababu haina mdomo.

#5 Papa_Nego

Ndimi niliyepiga kelele "teneur". Mwanangu amenitaja bila ruhusa lakini nimemsamehe, ananipaga chai.

Wengine hamjui, acha nieleze. Mchimbaji anakuja depo na magunia. Mwenye depo ana mashine, sisi tunaiita Metorex, imekaa kama bastola. Anaielekeza kwenye mzigo, inasoma: shaba asilimia kadha, kobalti asilimia kadha. Bei inatoka kwenye namba ile. Mchimbaji amelala shimoni siku tatu, yeye anajua jiwe lake kwa rangi, kwa uzito, hata kwa ulimi. Haisaidii. Namba ni ya mwenye mashine. Kila mchimbaji atakwambia mashine inaibia, na kila mwenye depo atakwambia mchimbaji amechanganya udongo.

Nilipoona zile almasi nikajiuliza, nani alikuwa ameshika Metorex? Nani alikaa akasema huyu ni tatu, huyu ni saba? Yule binti aliulizwa? Mzee wa Tunduma anasema amelipwa. Ndiyo. Hata mchimbaji analipwa.

Nina mabinti wanne, sitaongeza.

#6 Mwana_wa_Beni

Naishi Golf, hapa Lubumbashi, sasa lakini ni wa Beni. Nimesoma uzi huu nikasema, mbona tunaenda New York na Paris?

Ebola ya 2018 hadi 2020, Kivu Kaskazini na Ituri. Magari meupe, pesa nyingi, kazi za muda: kufua, kupika, kusafisha, kuhesabu wagonjwa. Mwaka 2020 waandishi wa habari walikusanya ushuhuda wa wanawake zaidi ya 50 waliosema walitakiwa kulala na wafanyakazi wa misaada ili wapate kazi au waibakize. Tume huru ikaundwa, mmoja wa wenyeviti wake wawili akiwa Mkongomani mwenzetu Julienne Lusenge, na Septemba 2021 ikatoa ripoti: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS (Shirika la Afya Duniani, WHO). Mkurugenzi mkuu akaomba radhi hadharani.

Mimi sitasimulia ya mtu ninayemjua. Naongeza kitu kimoja tu. Hapo hapakuwa na almasi wala hoteli. Bei ilikuwa mkataba wa kazi wa miezi michache. Na kwa kuwa hakuna mtu maarufu aliyeanguka, hakuna aliyekimbilia kutengeneza filamu yenye muziki wa kutisha na ndege inaruka usiku. Kashfa ya ngono bila kigogo haina tiketi.

#7 Etudiant_L2

Mkubwa wa Beni, hata hiyo ya kazi ni mbali. Sisi wanafunzi wa nchi hii tuna utani wa zamani, PST, points sexuellement transmissibles, yaani alama za mtihani zinazoambukizwa kwa njia ya ngono. Tunacheka nao mabwenini. Dada yangu alipofika mwaka wa pili nikaacha kucheka. Chuo sitaji.

#8 Mzee_wa_Tunduma

Nimesoma. Hoja ya mzigo na ya Metorex nimezikubali, mimi si mbishi wa kuzaliwa. Ila hamjanijibu moja: Yaya anasifu ile ya Italia. Filamu inayopinga kuonyesha miili ya wanawake kwa kuonyesha miili ya wanawake dakika 25. Wanaume wa lupango lako walitazama nini pale? Msiniambie walitazama hoja.

#9 Yaya_Katuba

Umenikamata, na lilitokea kweli. Kijana mmoja alipiga mluzi kipande cha tatu au cha nne. Alipofika kwenye msichana wa muhuri aliacha, lakini alikuwa ameshapiga. Yaani hao wanawake waliouzwa Italia walitazamwa tena Katuba, bure, na mimi ndiye niliyetundika shuka.

Sina dawa ya hilo. Kilichonisaidia kidogo ni kwamba filamu ile inasimamisha picha kwenye nyuso, hasa za wanawake wa makamo waliojazwa midomo na kuvutwa ngozi, na sauti inauliza nyuso zao halisi zimekwenda wapi. Hapo hakuna aliyepiga mluzi. Labda ndiyo tofauti kati ya kuonyesha na kuuza: muda gani unaruhusiwa kutazama kabla hujaanza kuona haya. Sijui kama nimesema vizuri.

#10 Avocate_wa_Lido

Nimekuwa msomaji kimya. Mawili tu, maana kesho niko mahakamani.

La kwanza ni la kijana wa kadi. Tangu Machi 2023 tuna Kanuni ya Kidijitali, na inaadhibu kumtishia na kumsumbua mtu kwa mawasiliano ya kielektroniki. Sheria ya ukatili wa kingono tunayo tangu Julai 2006. Ofisini kwangu wanakuja wanawake ambao video zao ziko mtaani, na neno la kwanza wanalosema si "nataka haki". Wanasema "nataka zifutwe". Nawaeleza mashtaka, wanataka kufuta tu. Hilo moja siwezi kuwapa.

La pili, Yaya ameruka mfano mkubwa. Marekani, Monica Lewinsky. Alianza kama mwanafunzi wa mafunzo Ikulu ya Washington akiwa na miaka 21, uhusiano na rais Bill Clinton ukaanza mwaka huo huo wa 1995. Septemba 1998 ripoti ya mwendesha mashtaka ikawekwa kwenye intaneti nzima nzima, na mambo ya chumbani yakasomwa na dunia kabla wengi wetu hatujajua intaneti ni nini. Clinton alifikishwa mbele ya Seneti, akaachiwa Februari 1999, akamaliza muhula wake. Mwaka 2018 ikatoka dokumentari ya sehemu sita, The Clinton Affair, na Lewinsky akakubali kuhojiwa. Angalieni jina: Clinton. Miaka ishirini dunia ilikuwa inasema "kashfa ya Monica", mpaka sisi huku tulisema hivyo hivyo. Filamu hiyo ilirudisha kashfa kwa mwenyewe. Na imewapa nafasi pia wanawake wengine waliomtuhumu Clinton, ambao kila chama kiliwatumia kilipowahitaji, kisha kikawasahau.

#11 Kabine_ya_Mama

Maman Avocate, banamuke banaogopaka paka jambo moja, mama mukwe aone. Prison aiko jambo.

#12 Kijana_Ruashi

Mimi nauliza kwa nia njema, msinirukie. Kuna wanawake wanaowatafuta wakubwa wenyewe. Wako hapa Lubumbashi, tunawaona kwenye mahoteli wakati wa vikao. Wana bei, wana orodha yao ya mawaziri. Hao nao ni bidhaa au ni wafanyabiashara?

#13 Papa_Nego

Wote wawili, mwanangu. Mimi nilikuwa négociant, nilinunua na nikauza, na siku kampuni kubwa ilipofunga mlango niligundua na mimi nilikuwa kwenye mizani. Mwenye soko hakuwa mimi. Kawaulize hao dada nani analipa hoteli.

#14 Yaya_Katuba

Papa, chai ya kesho iko.

Kijana Ruashi, sikurukii. Ile Client 9 ina mtu wa namna hiyo, binti mdogo wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa anaendesha wakala pamoja na mwanaume mzee kuliko yeye mara nyingi. Anahojiwa akitabasamu, anaongea kama mtu wa kampuni yoyote. Akina mama wa kikundi walimchukia kuliko walivyomchukia gavana. Nikajiuliza kwa nini. Gavana alipata "masikini, alikuwa anafanya kazi nzuri". Binti hakupata masikini hata moja.

Turudi kwenye kuchagua. Avocate ametoa The Clinton Affair. Sehemu sita ni nyingi, projekta ni ya kuazima na mwenyewe anaihitaji kwa harusi. Mimi nilikuwa nafikiria Anita, ya Freida Mock, ya 2013. Anita Hill, Oktoba 1991, profesa wa sheria anakaa peke yake mbele ya kamati ya Seneti yenye wanaume kumi na wanne, wote Wazungu, akieleza jinsi Clarence Thomas alivyomsumbua kingono alipokuwa bosi wake. Thomas alikana. Akathibitishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani kwa kura 52 dhidi ya 48, na bado yuko. Hakuna kitanda kwenye filamu ile, hakuna video, hakuna mguu wa mtu. Kuna meza ya kitambaa cha kijani, glasi ya maji, na mwanamke anayerudishwa kusema yale yale mara nyingi mpaka aone haya yeye badala ya wao. Hataigizwa na mtu, anasema mwenyewe akiwa mtu mzima.

Mzee wa Tunduma, hii utaipenda, hakuna cha kupigia mluzi.

#15 Etudiant_L2

Ina Kifaransa au maandishi chini? Mara ya mwisho mlitafsiri kwa mdomo na Papa Nego akatafsiri anavyotaka.

#16 Papa_Nego

Nilitafsiri vizuri. Nyie hamjui Kiingereza cha madini.

#17 Mwana_wa_Beni

Nitakuja na mke wangu. Yeye alikuwa Beni miaka ile. Akitaka kuongea baada ya filamu ataongea, asipotaka msimwangalie.

#18 Yaya_Katuba

Sawa kabisa, ndugu. Nitawaambia wote, na simu zitakaa kwenye kapu mlangoni, hakuna kurekodi mtu.

Kabla sijasahau, maana kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu yule kijana wa kadi. Nilipita kwake wiki iliyopita, mama alitaka kwaya nyingine. Folda ya BALTA haipo. Nikamwambia, umefanya vizuri kuifuta. Akanishangaa. "Yaya, ile ilishapoa, hakuna anayenunua. Inakula nafasi tu." Mahali pake kuna folda mpya, ina jina la kike, la mtu wa mji huu. Sikulipia kwaya. Nilikaa kwenye benchi lake karibu saa nzima tukiongea, wateja wanakuja wanaondoka, yeye ananiangalia kama dada aliyerukwa na akili. Nitarudi kesho.

Filamu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili jioni, kwa maandishi ya Kifaransa, nimeshapata. Viti ni kumi na viwili, wa kumi na tatu aje na chake.